Waliozama na Khedive Ismail ni Wetu

Kila tarehe 7 Desemba Marekani huwakumbuka watu 2,403 waliouawa katika shambulio la Pearl Harbor mwaka 1941. Karibu nusu yao, watu 1,177, walikufia ndani ya meli moja, USS Arizona. Juu ya mabaki ya meli hiyo pamejengwa ukumbusho uliofunguliwa mwaka 1962, na ukutani mwake yameandikwa majina yao mmoja mmoja. Mnusurika wa mwisho wa Arizona, Lou Conter, alipofariki Aprili 2024 akiwa na miaka 102, vyombo vya habari vya pande zote za dunia vilitangaza msiba huo. Ndivyo inavyopasa. Taifa lililowapeleka vijana vitani lina deni hilo kwao, na Wamarekani wamelilipa kwa bidii kuliko wengi.

Iko idadi nyingine ninayotaka tuitazame: 1,297. Hao ndio waliokufa Jumamosi ya tarehe 12 Februari 1944 katika shambulio dhidi ya meli Khedive Ismail. Ni watu 120 zaidi ya wale wa Arizona. Meli hiyo haikutoka Honolulu wala Liverpool. Ilitoka Kilindini, Mombasa, na kundi kubwa kuliko yote ndani yake lilikuwa la askari wa Afrika Mashariki. Katika vitabu vya historia tulivyosomea shuleni sikuikuta hata kwa mstari mmoja. Tulisoma Stalingrad, tulisoma Normandy, tulisoma Hiroshima. Maafa yaliyowameza wana wa nchi hizi kwa mamia ndani ya dakika chache hatukuyasoma.

Khedive Ismail haikuundwa kwa ajili ya vita. Iliundwa Uskoti mwaka 1922 kwa ajili ya kampuni ya Chile, ikaitwa Aconcagua, ikauzwa kwa Wamisri mwaka 1935 na kupewa jina la mtawala wao wa zamani. Mwaka 1940 Waingereza wakaichukua ibebe askari. Mapema Februari 1944 iling'oa nanga Kilindini ikiwa katika msafara wa meli tano zilizokuwa zikielekea Colombo, huko Ceylon, nchi tunayoiita leo Sri Lanka. Waliokuwemo walizidi 1,500: mabaharia wa meli yenyewe, wanajeshi wa majini wa Uingereza, wauguzi wa kike na wanawake wengine wa jeshi kutoka Uingereza na Afrika Kusini, na wapiga mizinga wa Rejimenti ya 301 ya Afrika Mashariki. Wakati huo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa Ceylon ikijifunza mapigano ya msituni kabla ya kutumwa Burma, au Bama kama wazee wetu walivyoitamka. Vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland (Malawi ya leo) walikuwa wakipelekwa kupigana na Mjapani katika misitu ambayo hawakuwahi kuisikia.

Meli hizo tano zilisindikizwa na manowari tatu tu, Hawkins, Petard na Paladin. Yapata saa nane na nusu mchana, wakiwa upande wa Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliyojulikana kama I-27 ilirusha topido mbili zikaipata Khedive Ismail. Ukumbini kulikuwa na tamasha la muziki linaendelea. Meli ilizama kwa muda usiofika dakika tatu. Dakika tatu hazimtoshi mtu aliyeko sitaha ya chini kuifikia ngazi, meli inalala ubavu, taa zimezimika, na maji yanashuka kwa ngazi ileile anayotaka kuipanda. Walionusurika walikuwa wanaume 208 na wanawake sita. Wanawake waliokufa walikuwa 77.

Kuna sehemu ya kisa hiki ambayo wasimulizi wengi huipita haraka. Mimi naona ndipo pa kusimama. Baada ya kupiga, nyambizi ile haikukimbia. Ilijificha chini ya maji mahali palepale ambapo walionusurika walikuwa wakielea, wengine wameshika vipande vya mbao, wengine wamepanda mashua chache zilizobaki. Nahodha wa Petard alijua adui yuko chini yao. Alijua pia kwamba meli nyingine nne zilizojaa askari bado ziko karibu, na nyambizi ikiachwa itazifuata. Akaamuru mabomu ya kulipukia chini ya maji yatupwe palepale. Watu waliokuwa wamenusurika topido za Wajapani waliuawa na mabomu ya manowari iliyokuja kuwalinda. Nyambizi ililazimika kuibuka, Paladin ikajaribu kuigonga ikaharibika, na mwishowe Petard ikaizamisha kwa topido, baada ya kukosa mara kadhaa. Karibu mabaharia wote wa I-27 walikufa nao.

Nimeufikiria uamuzi ule mara nyingi na sioni namna ya kuuhukumu kwa wepesi. Ukikaa mahali pa nahodha, unahesabu maelfu ya watu walio kwenye meli nne dhidi ya mamia wanaoelea mbele ya macho yako. Ukikaa mahali pa aliyeko majini, unaona manowari ya upande wako inakuja, unanyoosha mkono uokolewe, kisha unaona inavyopita na inachokiacha nyuma yake. Ninachokijua ni kwamba kumbukumbu inayoifuta sehemu hiyo haiwaheshimu waliokufa. Hotuba za siku za mashujaa hupenda kifo kilichonyooka: adui alipiga, shujaa akaanguka, bendera ikapepea. Vita havina kifo cha namna hiyo kwa wingi tunaoudhani. Waliokufa kwa mabomu ya upande wao wenyewe wanastahili jiwe lilelile na maneno yaleyale, na jamaa zao wanastahili kuambiwa ukweli wote.

Jambo la pili linaloniuma ni la lugha. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya amri na ya kambi katika jeshi la Keya (King's African Rifles, KAR) na vikosi vilivyopigana pamoja nalo. Mkamba, Mnyamwezi, Mwacholi na Mchewa walielewana kwa hicho. Siku ile, wengi waliokuwa wakiitana majini bila shaka waliitana kwa Kiswahili. Lakini ukitaka kujua leo yaliyotokea, kwa sehemu kubwa utayasoma kwa Kiingereza, kwa macho ya maofisa, mabaharia na wauguzi wachache walionusurika. Siwalaumu hao hata kidogo. Jamaa za wale wanawake 77 walitafuta, waliandika, waliuliza serikali yao maswali, na kwa kazi yao ndiyo maana kisa hiki hakijapotea kabisa. Swali ni kwa nini sisi hatukufanya hivyo kwa watu wetu, ambao walikuwa wengi zaidi.

Sababu ziko kadhaa. Bahari haiachi kaburi, na penye kaburi ndipo watu hurudi. Wakati wa vita habari za meli kuzama zilibanwa ili adui asifaidi na raia wasivunjike moyo. Lakini sababu kubwa, naamini, ni aibu ya kisiasa iliyofuata uhuru. Vita vile vilikuwa vya mfalme wa Uingereza. Nchi changa zilizotoka kumwondoa mkoloni zingewezaje kumpigia saluti aliyevaa sare ya mkoloni? Kwa hiyo askari wa Keya akawekwa kando. Hakulaaniwa, hakusifiwa. Ngano ya taifa ilianza na waliopinga, na aliyetumikia akabaki nje ya ngano.

Ninaielewa hoja hiyo, na bado nadhani ina kasoro. Kwanza, mstari kati ya aliyetumikia na aliyepinga haukuwa umenyooka hivyo. Waruhiu Itote, aliyekuja kujulikana kama Jenerali China wa Mau Mau, alipigana Burma akiwa na sare ya Keya. Bildad Kaggia alilitumikia jeshi la Uingereza kabla ya kuwa miongoni mwa waliofungwa Kapenguria pamoja na Kenyatta. Watu hao waliona Mzungu akiogopa, akijeruhiwa, akifa na kuzikwa kama mtu mwingine yeyote, na waliporudi hawakuwa tayari kuitwa "boi" tena. Jeshi lililowatuma kuulinda ufalme ndilo lililowafungua macho kuhusu ufalme huo.

Pili, askari hachagui vita. Wapo waliojiandikisha kwa hiari, kwa ajili ya mshahara, kwa hamu ya kuona dunia, kwa kuikimbia kazi ya shambani kwa setla. Wapo waliotolewa na machifu waliokuwa wameambiwa walete idadi fulani ya vijana. Kumkumbuka kijana wa miaka ishirini aliyekufa maji karibu na Maldivi hakumaanishi kuutukuza ufalme uliompeleka huko. Kunamaanisha kusema kwamba alikuwa mtoto wa mtu, alitoka kwenye kijiji chenye jina, na kifo chake ni sehemu ya historia yetu kama ilivyo ya Uingereza. Tukimwachia Mwingereza kazi ya kumkumbuka, tunakubali kwamba alikuwa mali yake.

Na Mwingereza mwenyewe, kwa muda mrefu, hakuifanya kazi hiyo kwa haki. Hapa inabidi turudi nyuma kidogo, kwenye Vita vya Kwanza, maana mazoea yalianzia huko. Waafrika wapatao milioni moja walitumika kama wapagazi katika mapigano ya Afrika Mashariki kati ya 1914 na 1918. Walibeba risasi, chakula na majeruhi kwa miguu, na waliokufa wanakadiriwa kuwa karibu 95,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Mitaa ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na Kariokor jijini Nairobi imebeba jina la jeshi lao, Carrier Corps, mpaka leo. Baada ya vita Waingereza walisimamisha sanamu za askari Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, na chini yake wakaandika, kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, kwamba wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na kwamba anayeipigania nchi yake hata akifa wanawe watalikumbuka jina lake. Ni maneno mazuri sana. Lakini zunguka sanamu ile ya Barabara ya Samora jijini Dar es Salaam utafute jina hata moja la mpagazi. Hutaliona.

Hili halikuwa sahau. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita vya Kwanza, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao walikuwa Waafrika wa Mashariki na Wamisri. Ripoti hiyo ilionyesha maofisa wa miaka ya 1920 wakikubaliana kwamba Mwafrika hawezi kuelewa wala kuthamini jiwe la kaburi. Watu ambao desturi zao zote zimejengwa juu ya kutaja majina ya waliotangulia, wanaomrithisha mjukuu jina la babu ili babu asipotee, waliandikiwa kwamba hawajali jina. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni mwaka huohuo. Radhi ilikuwa njema. Ilikuwa pia imechelewa kwa karne nzima.

Waliokufa kwenye Khedive Ismail walipata afadhali kuliko wapagazi. Katika Makaburi ya Vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong, upo Ukumbusho wa Afrika Mashariki, na humo majina ya askari wa Rejimenti ya 301, zaidi ya 600, yamechongwa. Kwa hiyo orodha ipo, na siwezi kusema hawajulikani. Tatizo ni kwamba jina lililochongwa pamoja na cheo na kikosi, kwenye makaburi ambayo wakazi wengi wa jiji huyapita kwa gari tu, linamkumbusha mwanajeshi kuhusu mwanajeshi. Halimfikii mjukuu aliyeko Kitui, Songea, Gulu au Mzimba ambaye labda aliambiwa tu kwamba babu alikwenda Bama hakurudi. Katika familia nyingi maneno hayo mawili, hakurudi, ndiyo wasifu wote wa mtu.

Kuna wanaosema kazi ya kufuatilia majina ya miaka themanini iliyopita haiwezekani. Tazameni walichofanya Wamarekani kuhusu meli nyingine iliyozama Pearl Harbor, USS Oklahoma. Mabaki ya mamia ya mabaharia wake yalikuwa yamezikwa bila kutambuliwa. Mwaka 2015 serikali yao ilianza kuyafukua, ikachukua vinasaba kutoka kwa jamaa waliotawanyika nchi nzima, na kufikia 2021 zaidi ya watu 350 walikuwa wamerudishiwa majina yao na kuzikwa na watu wao, baadhi na wapwa ambao hawakuwahi kuwaona. Sisi hatuna mifupa ya kuchunguza, bahari imeichukua. Kazi yetu ni rahisi zaidi: ni kazi ya karatasi. Na karatasi zipo. Mwaka 2024 ilitangazwa kwamba nyaraka za kikoloni zilizokuwa zimehifadhiwa na Jeshi la Ulinzi la Kenya zimetoa majina zaidi ya 3,000 ya askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza ambao hawakuwahi kuingizwa kwenye kumbukumbu yoyote. Karne nzima majina hayo yalikuwa ndani ya makabrasha, nchini humuhumu. Ikiwa ya 1914 yameonekana, ya 1944 yanashindikana vipi?

Tukisema waliokufa walidhulumiwa katika kumbukumbu, waliorudi walidhulumiwa mchana kweupe. Vita vilipokwisha mwaka 1945, jeshi lilitoa kiinua mgongo kwa kuhesabu miezi ya utumishi. Mwaka 2019 waandishi wa habari walifukua waraka ulioonyesha kwamba malipo hayo yalipangwa kwa rangi ya ngozi: askari mweupe aliyeishi kwenye makoloni haya alilipwa kiasi cha mara tatu ya Mwafrika wa cheo kilekile. Risasi waliyoikwepa ilikuwa moja, na njaa ya msituni ilikuwa moja. Zaidi ya fedha ilikuwapo ardhi. Serikali ya kikoloni nchini Kenya ilikuwa na mpango wa kuwapa mashamba wanajeshi Wazungu waliotoka vitani. Mwafrika aliyetoka vita vilevile alirudi kwenye eneo la hifadhi walilotengewa Waafrika, kwenye kipande (kitambulisho cha lazima) na kodi ya kichwa. Anayeshangaa kwa nini moto wa Mau Mau uliwaka mwaka 1952 aanze na hesabu hiyo.

Novemba 2023, Mfalme Charles wa Tatu alifika kwenye makaburi ya Kariokor, akaweka shada la maua na kuwakabidhi wakongwe wachache medali mpya badala ya zile walizokuwa nazo zamani. Baadhi yao walikuwa wamezitupa za kwanza wakati wa Mau Mau, kwa kuogopa kuonekana na medali ya Mwingereza. Picha ile ilisambaa na wengi waliguswa. Mimi pia niliguswa, lakini nilibaki na wazo: serikali iliyozitoa medali hizo ni jambo moja, ila mikono iliyozitupa ni ya watu waliokuwa wakiishi katikati yetu. Mkongwe huyo alikuwa anaogopwa na upande mmoja na kutiliwa shaka na mwingine, na hali hiyo aliishi nayo miaka yote iliyofuata, wakati wa mkoloni na baada yake. Uingereza ilipotenga pauni milioni 11.8 mwaka 2018 kuwasaidia askari wa zamani wa Jumuiya ya Madola waliokuwa katika ufukara, lengo lililotajwa lilikuwa wapate milo miwili kwa siku. Milo miwili, miaka 73 baada ya vita. Lakini kabla hatujacheka au kukasirika, tujiulize ni mlo gani serikali zetu wenyewe ziliwapa wazee hao katika miaka sitini ya uhuru.

Ningetamani kusema kwamba mazoea haya ya kutotaja yaliondoka na bendera ya Uingereza. Hayakuondoka. Asubuhi ya tarehe 15 Januari 2016, Al-Shabaab walivamia kambi ya wanajeshi wa Kenya huko El Adde, nchini Somalia. Kambi ilizidiwa. Ni shambulio baya kuliko yote lililowahi kulipata jeshi la Kenya tangu uhuru. Rais wa Somalia, Hassan Sheikh Mohamud, alitaja waliokufa kuwa kati ya 180 na 200. Wachunguzi na waandishi wa habari wakataja hesabu zao. Serikali ya Kenya yenyewe ilikataa hesabu za wengine na miaka ikapita bila kutoa ya kwake iliyo kamili. Mazishi yalifanyika kaunti moja baada ya nyingine, kila familia na jeneza lake, bila taifa kuambiwa jumla.

Najua hoja inayotolewa: kutaja idadi ni kumpa adui ushindi wa propaganda. Hoja hiyo ina uzito kwa siku kumi za kwanza, labda kwa miezi miwili. Baada ya hapo adui ameshatangaza hesabu yake, ameshatoa video zake, na anayebaki gizani ni mama wa askari. Marekani ilificha ukubwa wa hasara ya Pearl Harbor kwa muda, kama taifa lolote lililo vitani lingefanya, lakini ilikuja kulitaja kila jina. Kimya cha muda ni mbinu ya vita. Kimya cha miaka kumi ni tabia ya serikali inayowaona askari wake kama siri badala ya raia. Na ndiyo tabia ileile iliyomfanya mpagazi wa 1917 awe "miguu na mikono", viungo vya mwili usio na uso.

Tanzania imefanya vizuri zaidi katika hili, na inafaa isemwe. Waliokufa katika Vita vya Kagera wana makaburi yao Kaboya, wilayani Muleba, na kila tarehe 25 Julai nchi inaadhimisha Siku ya Mashujaa. Ngao, mkuki, sime na upinde huwekwa na viongozi na wazee kwenye mnara, na kwa dakika hizo taifa linasimama. Hata hivyo, naona kasoro moja ambayo bado inaweza kurekebishwa. Uvamizi wa Idi Amin ulikuwa Oktoba 1978 na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Kijana aliyekuwa na miaka ishirini siku hiyo leo amepita sitini na tano. Maelfu ya mgambo na askari wa kawaida walivuka mto Kagera, wakatembea kwa miguu mpaka Kampala na kuendelea hadi mpaka wa Sudan, na wengi wao hawajawahi kuulizwa na mtu yeyote mwenye kalamu walichokiona. Kuhusu askari wa Khedive Ismail tumeshachelewa kuwauliza. Kuhusu wa Kagera hatujachelewa, na tunaendesha mambo kana kwamba muda ni wetu.

Kwa hiyo ninachotaka si sanamu nyingine. Sanamu tunazo. Nataka orodha ya Rejimenti ya 301 itolewe Barabara ya Ngong na kuletwa mahali watu walipo. Ichapishwe kwa Kiswahili, ipangwe kwa maeneo ya asili kila inapowezekana, isomwe kwenye redio za lugha zetu, maana radio ya Kikamba au ya Kinyanja itamfikia mjukuu ambaye hakuna tovuti itakayompata. Wakuu wa wilaya wa kikoloni waliandika barua na taarifa kuhusu askari na familia zao. Nyaraka zao zimo katika hifadhi za taifa zetu, na wanafunzi wa historia wa vyuo vikuu vyetu wanatafuta mada za tasnifu kila mwaka. Iweni na mwanafunzi mmoja kwa kila wilaya na mtashangaa kitakachopatikana.

Nataka pia tarehe 12 Februari iadhimishwe Kilindini, penye maji, na wanaoadhimisha wasiwe mabalozi na wanajeshi peke yao. Viwepo vyama vya mabaharia, ambao wengi wao hawajui kwamba njia wanayopita kuelekea Colombo ina watu wetu chini yake. Wawepo wanafunzi wa shule za Likoni na Changamwe. Wasomewe majina, hata kama kuyasoma yote zaidi ya 600 kutachukua karibu saa nzima. Watajwe na wale wanawake 77, wauguzi na wenzao, na mabaharia, kwa sababu bahari ile haikuwabagua na sisi hatuna sababu ya kubagua. Na msomaji wa historia asiyeogopa asimame aeleze habari za mabomu ya Petard mpaka mwisho.

Miaka mia moja ya tukio hilo itatimia Februari 2044. Huo ni muda wa kutosha kabisa kwa kazi hii ikiwa itaanza sasa, na kwa upande wa Kenya ningependa ianze na orodha iliyo karibu zaidi. Wizara ya Ulinzi inayo majina ya El Adde, yote, pamoja na vyeo, umri na anwani za wazazi. Iyachapishe.